Ushuhuda Nilioutoa Mapema

Ukiona mwandiko huu umepinda, usinicheke. Vidole vyangu havihisi kalamu. Daktari alisema hali hiyo huenda ikapungua polepole, au isiishe kabisa, nami nimezoea kuviangalia kila ninaposhika kitu ili nisikiangushe. Sista wa kliniki ndiye aliyeniomba niandike, aziweke karatasi hizi kwenye benchi tunapongojea dawa, kwa ajili yako wewe uliyekuja leo mara ya kwanza na hujui ukae wapi. Kaa upande wa dirisha. Upande wa mlango una baridi. Nimeandika Kiswahili ingawa nyumbani tunaongea Ekegusii, kwa sababu benchi lile linakaliwa na watu wa kila kabila.

Jina langu ni Moraa. Nalima chai na ndizi upande wa Birongo, na kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa kiongozi wa maombi ya vita katika kanisa letu. Kama huyajui, ni yale ya kusimama na kukemea, si ya kupiga magoti. Mwenye ndoa inayotikisika, mwenye ng'ombe aliyekauka maziwa, mwenye mtoto asiyelala, wote walinijia. Nilikuwa na sauti! Watu walisema mashetani wa Birongo wananijua kwa jina, nami nilifurahi kusikia hivyo, sifichi.

Jumatano alasiri nilifundisha darasa la uanafunzi. Walikuwa waumini wapya sita au saba, nikimlea kila mmoja mpaka asimame mwenyewe. Kabla ya somo nilimuuliza kila mtu maswali matatu mbele ya wenzake: Uliomba nini? Ulipinga nini? Ulitii nini? Asiyekuwa na jibu alisimama wima mpaka nimwambie aketi. Wengine walisimama somo zima. Nilikuwa mkali, ndiyo.

Uvimbe niliugundua kabla ya mvua ndefu, nikiwa nachuma chai. Kamba ya kikapu ilinisugua titi la kushoto, pakauma mahali ambapo hapajawahi kuuma. Niliingiza mkono nikakuta kitu kigumu, kadiri ya ncha ya kidole gumba. Niliendelea kuchuma mpaka mwisho wa mstari.

Mtu mwingine angekwenda hospitali. Mimi niliita kikosi changu cha maombi. Niliwaambia adui amenishambulia kifuani kwa sababu ya kazi ninayoifanya, na hakuna aliyeuliza swali, maana mimi ndiye niliyewafundisha kutouliza. Walinipaka mafuta, wakaniwekea mikono. Nilifunga siku saba kwa maji tu. Siku ya nane nilijipapasa nikaona kama umepungua. Nilitaka upungue, basi nikasema umepungua.

Kanisani kwetu ushuhuda huja baada ya nyimbo za sifa. Unapanga mstari kando ya madhabahu, unapewa maiki, unasema alichokutendea Bwana. Na tuna desturi moja: hungoji kuona ndipo useme. Unakiri kwanza, kitu chenyewe kinafuata maneno. Tunaita kupokea kwa imani. Kwa hiyo Jumapili ile sikujiona mwongo. Nilisema, "Wapendwa, nilikuwa na uvimbe kifuani, nao umeyeyuka. Sina!" Watu waliruka. Mchungaji aliushika mkono wangu akauinua juu. Wiki chache baadaye alinipeleka kwenye semina Marani nikautoa ushuhuda tena, na mara hii nikaongeza kwamba niliusikia uvimbe ukiyeyuka. Hilo la kuongeza sijui lilitoka wapi. Uvimbe ulikuwapo pale pale chini ya gauni, nami nimeshika maiki.

Katika darasa langu alikuwamo Bochaberi. Ni fundi wa cherehani sokoni, msichana mpole, mwanafunzi wangu bora. Alikuwa na kifafa tangu utotoni, akimeza vidonge asubuhi na jioni, na hakuwa ameanguka kwa miaka mitatu. Jumatano iliyofuata semina alikuja na kopo lake la vidonge, akaliweka mezani.

"Mwalimu," akasema, "kama Mungu amekuponya wewe, mimi nangoja nini?"

Wenzake walianza kupiga makofi. Nililitazama lile kopo. Asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimejigusa na uvimbe ulikuwa umekua. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja, nami nikasema, "Amina." Kisha nikalichukua kopo kwa mkono wangu, tukatoka nje sote, nikavimwaga vidonge chooni, tukaimba. Nimeifikiria ile Amina kuliko nilivyolifikiria titi langu.

Mvua ikaja. Ngozi ya titi ikawa na vishimo vishimo kama ganda la chungwa, chuchu ikaingia ndani, kisha pakafunguka jeraha. Nilioga nimefunga mlango. Mume wangu Ogeto nilimwambia nakosa usingizi, nikahamia chumba ambacho watoto walikiacha walipooa.

Aliyenishika ni dada yangu Kerubo, anayekaa Nyanchwa na kufanya kazi ofisini mjini. Yeye ni Msabato, mtaratibu, kila kitu chake kimepigwa pasi. Nilikwenda kumtembelea, nikaingia chumbani kuweka mkoba, akaja nyuma yangu, akasimama.

"Moraa, unanuka."

"Ni jasho la kupanda kilima."

"Jasho nalijua. Vua."

"Ni jeraha dogo tu, dada."

"Nimesema vua!"

Nikavua. Kerubo alitazama, akaketi kitandani, akalia kwa sauti mpaka jirani akabisha hodi. Mimi sikulia. Nilikuwa natazama kalenda ya ukutani, nikihesabu Jumatano zilizopita tangu ile Amina.

Jumatatu alinipeleka hospitali. Ile siku ya kwanza sikumbuki maumivu, nakumbuka benchi. Nakumbuka mama mmoja kutoka Nyamira mwenye sweta la kijani lililotoboka kiwiko. Nilipokwenda chooni alilivua akaliweka mahali pangu ili nisinyang'anywe nafasi, naye mwenyewe alikuwa anatetemeka. Niliporudi alinipa ndizi ya kuchemsha kutoka kwenye kopo la majarini. Hakuniuliza naumwa nini. Ukipata mtu kama huyo hapo benchini, mshikilie.

Walinitoa kinyama kidogo cha kupima. Majibu yalikuja baada ya wiki mbili. Daktari alisema ni kansa ya titi, akasema imefika kwapani, akasema, "Mama, ungekuja mapema kidogo..." na hakumaliza. Ningepewa dawa ya mshipani mara sita, kila baada ya wiki tatu, kisha nipasuliwe. Kerubo aliandika yote kwenye daftari. Mimi niliwaza kwamba mistari ya chai ya chini, karibu na mto, haijachumwa. Niliwaza hivyo mpaka tukatoka nje. Watu wanafikiri ukiambiwa una kansa unaanguka na kupiga mayowe. Labda wewe utapiga. Mimi nilinunua mkate nikaenda nyumbani.

Ogeto ni Mkatoliki, mtu wa maneno machache, haendi kanisani kwangu nami siendi kwake. Nilimweleza tukiwa jikoni. Alichokora moto.

"Baada ya ushuhuda wako nilikuwa kituo cha kupimia chai," akasema mwishowe. "Nikaambiwa na watu wa foleni kwamba mke wangu alikuwa mgonjwa na amepona. Yote mawili nikayasikia siku moja, kutoka kwa watu. Sasa unaniambia moja si kweli."

Nikasema pole. Akachukua kikapu changu akaenda shambani. Kwa wiki tatu aliongea nami habari za ng'ombe tu. Lakini alichuma ile chai ya chini mpaka ikaisha, na kila asubuhi nilikuta maji ya moto mlangoni pangu.

Kanisani nilituma ujumbe kwamba Kerubo anaumwa na ninamuuguza Nyanchwa. Uongo wa kwanza ulikuwa umezaa, nami nikaendelea kuulisha.

Dawa ya kwanza ni nyekundu. Usishtuke ukienda haja ndogo ukaona wekundu, ni hiyo dawa. Kinywa changu kilikuwa kama nimelamba msumari, hata mboga za sagaa nilizozipenda tangu utoto nikaziona chungu zaidi ya uchungu wake. Baada ya dawa ya pili nywele ziliniacha, nikaziokota kwenye mto nikazitia motoni, nikafunga kitambaa. Mara ya tatu dawa ikabadilishwa, ndipo vidole vya mikono na miguu vikafa ganzi. Siku moja nilitembea kutoka barabarani mpaka nyumbani, Ogeto akatazama miguu yangu akauliza, "Ndala nyingine iko wapi?" Nilikuwa na moja. Sikujua nilikoiachia ya pili. Akaenda kuitafuta, akarudi nayo, akainama akanivalisha.

Nilijaribu kuomba. Mimi niliyekuwa nikitikisa mabati! Maneno yalitoka makavu, yakaishia hapo hapo kinywani. Sikumkasirikia Mungu. Sikumhisi tu, kama nisivyohisi vidole. Ikikutokea hivyo, usijilaumu kwanza. Mimi nilikaa hivyo miezi, na jua lilichomoza kila siku.

Siku ya dawa ya nne ilikuwa katikati ya baridi, wakati wa kukata michai. Nilitoa damu ya kupima, nikaambiwa nisubiri majibu, nikatembea kwenye korido ili kuipasha miguu joto. Nilipokuwa napita wodi ya upasuaji ya wanawake nikasikia, "Mwalimu!"

Bochaberi alikuwa kitanda cha karibu na mlango. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji mpaka kiwiko. Mama yake alikuwa nje anafua. Nesi ndiye aliyenieleza: alianguka kwa kifafa akisonga ugali, mkono ukaingia motoni, na kwa kuwa alikuwa peke yake jikoni ukakaa humo mpaka mtu alipoingia. Mkono wa kulia, wa kuongozea kitambaa chini ya sindano.

"Nilijua utakuja," akasema. Macho yake yalikuwa yanang'aa. "Nimewaambia manesi, mwalimu wangu atakuja kuniombea."

Nesi akanivuta kando. "Kumbe ndiye wewe? Basi mwambie, mama. Ameanguka tena jana, hapa hapa wodini. Tukimpa dawa anaitema. Akiendelea hivi, siku moja hataamka."

Nilivuta pazia. Nikafungua kitambaa kichwani.

"Bochaberi, sikupona. Sikupona hata siku moja. Nina kansa. Leo nimekuja kwa dawa ya nne. Meza vidonge vyako, mwanangu."

Alikitazama kichwa changu. Kisha akakaza uso, akauinua mkono wa kushoto, ule mzima, akaunyoosha mbele yangu.

"Nakupinga," akasema. "Katika jina la Yesu, nakupinga."

Ni mimi niliyemfundisha. Nilikuwa nikiwaambia kwamba adui akishindwa mlangoni, atavaa sura ya mtu unayempenda. "Hata ukiniona mimi nimekuja kukurudisha nyuma," nilisema, "nipinge!" Niliwakaririsha mpaka wakashika. Bochaberi alishika kuliko wote. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini mkono hakuushusha.

"Mwalimu wangu alisimama mbele ya watu wote akasema," akaniambia. "Wewe unanong'ona nyuma ya pazia."

Nilifunga kitambaa changu nikarudi benchini. Wakaniita, wakanichoma sindano, dawa ikaanza kudondoka. Hapo kwenye kiti cha dawa ndipo nilihisi kitu kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze. Nilihisi aibu. Ilinichoma mpaka masikio. Nikaona heri, kumbe bado kuna mahali panapouma.

Kerubo alinisihi ningoje mpaka nimalize matibabu. "Watakutafuna, Moraa. Huna nguvu hata ya kusimama." Nikamwambia Bochaberi hana muda wa kungoja mimi nipate nguvu. Ogeto alikuwa mlangoni anasikiliza.

"Jumapili nitakupeleka," akasema.

Akanipeleka. Mkatoliki yule, kwa mara ya kwanza tangu tuoane, aliketi katika kanisa letu, safu ya mbele, amepakata mkoba wangu. Bochaberi alikuwa ametolewa hospitali Ijumaa, naye alikuwapo na mama yake, mkono umefungwa. Hakunitazama. Baada ya sifa nikapanga mstari wa ushuhuda. Mzee wa kanisa alinipa maiki akitabasamu, watu wakaanza kupiga makofi kabla sijafungua mdomo. Niliishika maiki kwa mikono miwili.

"Bwana asifiwe," nikasema, wakaitikia. "Ule ushuhuda nilioutoa mahali hapa, naurudisha. Sikuwa nimepona."

Mchungaji alinijia haraka, akaninong'oneza, "Mama, twende tuongee ofisini."

"Sikuusema ofisini, mchungaji," nikamwambia, na maiki ilikuwa wazi.

Akasimama alipokuwa. Nikafungua kitambaa. Nikasema nina kansa, nikasema napewa dawa hospitalini, nikasema Kerubo hakuwa mgonjwa. Nikasema vidonge vya Bochaberi nilivimwaga kwa mkono huu, nikijua uvimbe uko kifuani mwangu, na yeyote aliyeacha dawa kwa sababu yangu aende akaichukue kesho. Mama mmoja wa kwaya akauliza kwa sauti, "Na kule Marani?"

"Na Marani."

Hakuna aliyesema amina. Mtoto mmoja alikuwa analia huko nyuma. Nilirudisha maiki, Ogeto akaja akanishika kiwiko, tukatoka.

Sitakuficha yaliyofuata. Nilivuliwa uongozi, na darasa akapewa mwingine. Wapo waliosema nilipona kweli, ila kwa kukosa imani nimeurudisha ugonjwa kwa kinywa changu, na wengine wanasema hivyo mpaka leo. Mchungaji alikuja nyumbani baada ya siku kadhaa, akanywa chai, akasema, "Tulishangilia upesi, mama. Hata mimi." Akaaga. Dawa ya tano na ya sita nilizimaliza, nikapasuliwa wakati watu wanaanika mahindi. Upande wa kushoto sasa ni tambarare. Nilipofunguliwa bandeji Ogeto alitazama, akasema, "Sasa kamba ya kikapu haitakusumbua." Nikacheka mpaka nyuzi zikauma. Chai nachuma kidogo kidogo, kwa macho, kwa kuwa vidole haviniambii kama nimeshika jani au hewa.

Lakini nataka nimalizie na Jumatano ile, ya kwanza baada ya kuurudisha ushuhuda. Nilikuwa nimelala kwenye kochi, mwili wote mzito. Ilikuwa saa yangu ya darasa, na ndilo jambo nililokuwa nikijaribu kutolifikiria. Bochaberi akapiga hodi akaingia.

"Mwalimu."

"Usiniite hivyo."

"Sijui jina lingine," akasema, akaketi.

Alitoa mfukoni kopo jipya la vidonge akaliweka mezani kwa mkono wa kushoto. Kwa mkono mmoja hakuweza kulifungua. Nikajaribu mimi, vidole vikateleza tu. Mwishowe alilibana kati ya magoti, mimi nikakizungusha kifuniko kwa viganja vyangu viwili, kikafunguka, vidonge viwili vikadondoka sakafuni. Akaviokota. Akanitazama usoni, bila tabasamu.

"Uliomba nini?" akaniuliza.

"Sijaomba. Siwezi kuomba."

"Ulipinga nini?"

"Nilipinga wewe kupona," nikasema. Ilikuwa kweli.

"Ulitii nini?"

Nilitafuta jibu. Nilifikiria hospitali, lakini nilipelekwa na Kerubo. Nilifikiria maiki, lakini nilikuwa nimechelewa. Sikuwa na jibu. Nikashika ukuta, nikasimama, maana ndivyo ilivyo sheria.

Bochaberi aliniacha nisimame. Miguu yangu haikuhisi sakafu. Aliweka kidonge kwenye ulimi, akachukua kikombe changu cha maji, akanywa mpaka akameza, nami nikiangalia koo lake. Kisha akakirudisha kikombe mezani.

"Keti, Mwalimu," akasema.

Nikaketi.